Ufagio Uliovaa Kofia Yangu

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha kwenye maegesho ya studio, mvua inaninyeshea, kaka yangu Burl akinipita kama anayepita nguzo ya umeme. Kwa aliyechelewa kuingia, kisa ni kifupi. Mimi ni Estil Hensley. Mimi na Burl ndio wale ndugu wawili wa kwenye uzio katika kipindi cha *Jumamosi Ghalani*. Kila Jumamosi saa moja jioni nchi nzima ilituona tumeegemea uzio wa mbao, mimi upande huu, yeye upande ule, tunataniana na kucheka mpaka kofia zinadondoka.

Na Juni hiyo ya 1974 ilikuwa inatimia miaka mitatu tangu Burl aniambie neno.

Mtauliza watu wasiosemeshana wanachekaje pamoja kwenye televisheni. Wanacheka vizuri tu. Ngoja niwape siri ya kazi yetu, maana mficha uchi hazai.

Kipindi kile hatukukirekodi Jumamosi. Vipindi vya mwaka mzima tulivirekodi kwa wiki chache za Juni na wiki chache za Oktoba, tena vipande vipande. Leo nyimbo za banjo tupu, kesho vichekesho vya uzio tupu, hamsini kwa siku moja, mtu mmoja ananyanyua kadi zenye maneno, wewe unasoma. Kisha Bi Maxine, mama wa kuunganisha kanda, anajifungia chumbani kwake na kuvishona vile vipande kama blanketi la viraka.

Burl alimwomba mwongozaji, Mzee Prater, ampangie asubuhi. Mimi nikapangiwa mchana. Alipokuwa yeye kwenye uzio, upande wangu walichomeka ufagio ndani ya ndoo ya mchanga, wakauvika kofia yangu ili ajue pa kutazama. Nilipoingia mimi, ufagio uleule ulihamishwa upande wa pili na kuvikwa kofia yake.

Sauti yake ya asubuhi nilipigiwa kwenye spika ili nijibu.

"Estil," spika ilisema, "jogoo wako mbona hawiki siku hizi?"

"Nilimnunulia saa ya ukutani," niliujibu ufagio. "Sasa anaona kazi yake imepata mtu."

Vicheko navyo vilitoka kwenye mashine. Kwa hiyo pale usiku wenu wa Jumamosi mlipokuwa mnaona ndugu wawili na ukumbi mzima unaoangua kicheko, kulikuwa na mtu mmoja, ufagio mmoja na fundi anayepiga miayo.

Nitasema na hili, ingawa naona haya. Mara nyingine nilimwomba fundi arudie sauti ya Burl, nikidai sikuisikia vizuri. Nilikuwa nimeisikia. Nilitaka tu kaka yangu aniite jina mara mbili.

Nilikaa chumba cha kupanga juu ya duka la viatu. Barabarani watu walinisimamisha wakanipiga mabega, "Burl yuko wapi leo?" Nikawajibu yupo, anakuja. Kisha nilipanda ngazi, nikapasha maharagwe, nikala nimesimama. Kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kunigongea mlango ila mwenye nyumba.

Na kosa langu nililijua. Au nilidhani nalijua.

Ruthanne, mke wa Burl, alifariki Juni ya 1971. Wiki iliyofuata Burl alirudi kazini na wimbo aliomtungia, akaurekodi peke yake na gitaa. Siku hiyo mimi nilikuwa nje nakula mkate wangu wa nyama. Baadaye Mzee Prater akanishika bega.

"Kipindi kimezidi dakika mbili na nusu," alisema. "Nitoe nini, wimbo wa kaka yako au kichekesho chako cha nguruwe?"

"Mzee, watu wanataka kucheka," nilimjibu.

Nguruwe alionekana, wimbo haukuonekana. Tangu wiki hiyo Burl akanifungia mdomo. Nilijumlisha moja na moja nikapata mbili, nikasema huyu amejua. Sikuwahi kumuuliza, maana ukimuuliza mtu atakujibu.

Sasa tuje Jumatano ya wiki ninayowasimulia. Simu ililia, na nikajua ni nyumbani milimani kabla hajasema mtu, kwa sababu simu ya kule ni moja kwa nyumba sita. Ukiinua unasikia kwanza pumzi za jirani.

"Estil, mwanangu," mama alisema. "Jumapili hii tunapamba makaburi."

"Najua, mama."

"Unajua, lakini huji. Mwaka jana alikuja Burl, akasema una homa. Krismasi ukaja wewe, ukasema Burl ana homa. Wanangu mna homa ya zamu?"

Kwenye laini mtu mwingine alicheka, akajifanya anakohoa.

"Bi Gentry, nakusikia," mama alisema. "Weka simu chini."

"Nilikuwa napima tu kama inafanya kazi," sauti ya Bi Gentry ilijibu, kisha kimya, lakini mlio wa kuweka simu chini sikuusikia.

"Mama, kazi ni nyingi."

"Nina miaka themanini na moja. Daktari ameuweka moyo wangu kwenye vidonge vitatu kwa siku. Nataka nisimame kwenye kaburi la baba yenu niwasikie mnaimba wote wawili, sauti ya juu na ya chini, kama zamani. Na Ruthanne kalala pale pembeni, mkono wako haujawahi kung'oa hata jani moja juu yake. Unaona vibaya au huoni?"

"Naona, mama."

"Basi mje wote. Mkija nusu, rudini nusu. Sitamfungulia mmoja." Kisha sauti yake ikalainika. "Burl anakula? Jumamosi iliyopita nilimwona kwenye televisheni, amekonda. Wewe unakaa naye kila siku, mlazimishe ale."

"Nitamlazimisha," nilisema.

Niliweka simu nikakaa sakafuni. Mtu anayenipita kama nguzo ya umeme, nimlazimishe ale.

Barua ningempa? Nilishampa nne, zikarudi zimefungwa kama nilivyozifunga. Nyumbani kwake mbwa tu ndiye aliyenipokea. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Burl alilazimika kunisikiliza, napo ni kwenye uzio.

Alhamisi asubuhi nilimfuata Bi Maxine. Ni mama mnene mwenye penseli mbili kichwani na mkasi shingoni, na hakuna uongo wa kipindi kile ambao haukupita mikononi mwake.

"Leo nataka nitangulie mimi kurekodi," nilimwambia. "Kipande kimoja tu cha uzio. Kesho asubuhi Burl apigiwe sauti yangu, ajibu yeye."

"Kadi inasemaje?"

"Haina kadi."

Alinitazama juu ya miwani. "Estil, nimewaunganisha nyie wawili miaka mitatu kwa mkasi na gundi. Mkono umechoka. Unataka kumwambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli una dakika ngapi?"

"Sijui. Sijawahi kuupima."

"Haya. Mzee Prater akiuliza, nitasema ni jogoo tena."

Mchana nilisimama kwenye uzio. Ufagio upande wa pili, kofia ya Burl juu yake, majani yametokeza chini kama ndevu. Taa zikawaka. Nilianza kama kawaida, mkono mmoja kwenye mbao, tabasamu la kazini limekaa mahali pake.

"Burl, mama anatutaka Jumapili," nilisema. "Wote wawili. Anaumwa moyo. Tusipokuja wote hatafungua mlango, na unamjua."

Fundi aliacha kupiga miayo.

"Na jambo lingine, kaka. Wimbo wako wa Ruthanne, ni mimi niliyemwambia Prater autoe. Aliniuliza, nikachagua nguruwe wangu. Nimekaa na neno hilo miaka mitatu. Nisamehe. Usiponisamehe, njoo hivyo hivyo, kwa ajili ya mama."

Nililala vizuri usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nikumbuke. Nilijisifu. Nilidhani nimeshatua mzigo, kumbe nilikuwa nimembebesha mtu mwingine.

Ijumaa saa tano Bi Maxine akaniita chumbani kwake. Hakunikaribisha kiti. Alibonyeza kitufe akageuka ukutani.

Kwenye skrini Burl alikuwa ameegemea uzio. Mbele yake ufagio, na kofia yangu. Alikuwa amekonda kweli, mama hakukosea. Sauti yangu ilianza kutoka kwenye spika, na mwanzoni alikuwa na tabasamu lake la kazini, lile la kungoja zamu. Nilipomtaja mama, akaacha kutabasamu, akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali.

Nilipoutaja wimbo, kichwa kikasimama.

Akaushika ubao wa juu wa uzio kwa mikono miwili.

"Kumbe ni wewe," aliuambia ufagio.

Nilisogea karibu na skrini.

"Nilidhani ni Prater," Burl alisema. "Miaka mitatu namchukia yule mzee wa watu bure. Nampita bila salamu. Kumbe ni wewe."

Hakuwa amejua. Hakuwa amejua kabisa.

"Mimi nilikunyamazia kwa ajili ya mazishi, Estil. Jeneza lina mishikio sita. Wa nyuma kushoto nilikuwekea wewe. Binamu yetu Hoyt alipotaka kuushika nilimzuia, nikamwambia mdogo wangu yuko njiani, auache. Tukangoja mpaka mhubiri akatazama saa. Tulimbeba watano. Njia yote kupanda kile kilima alikuwa anainamia upande wako."

Alipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Nilikuwa nakaribia kulisahau hilo. Nakwambia kweli, mwaka huu nilikuwa nimepanga nije nikusalimie. Sasa umeniletea la pili."

Aliung'oa ufagio kutoka kwenye ndoo, akauweka begani na kofia yangu juu yake, akatoka. Kanda ikaendelea kuonyesha uzio mtupu na mchanga uliomwagika.

"Ameondoka nao," Bi Maxine alisema. "Prater anautafuta ufagio wake mpaka sasa."

Siku Ruthanne anazikwa, ndugu wasomaji, mimi nilikuwa studio. Nilituma maua nikabaki kurekodi. Kichekesho nilichokirekodi saa ile wanapanda kilima kilikuwa ni kilekile cha nguruwe. Mambo haya mawili sikuwahi kuyaweka pamoja mpaka niliposimama pale nyuma ya Bi Maxine.

"Ule wimbo," nilimwambia. "Naweza kuusikia?"

"Kanda zilizotolewa hatuziweki. Tunafuta tunarekodi juu yake." Alifungua daftari lake, akashusha kidole. "Juu ya ule tulirekodi mashindano ya kula tikiti."

"Hakuna mahali pengine ulipobaki?"

"Kichwani mwa Burl," alisema, na kwa mara ya kwanza akaniwekea kiti.

Jumamosi nilikwenda milimani peke yangu. Ningefanya nini? Kukaa juu ya duka la viatu nilikuwa nimeshakaa vya kutosha. Niliendesha kwa muda wa saa tano nikitunga uongo, na kila niliotunga ulikuwa umeshatumika.

Mama alikuwa barazani, miguuni ana kapu la maua ya karatasi, anayachovya kwenye nta moja moja ili mvua isiyaharibu kaburini. Majembe mawili ya kupalilia makaburi yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamenolewa. Aliitazama gari yangu, akaitazama barabara nyuma yake.

"Burl yuko wapi?"

"Anakuja na gari yake. Ana kazi ya kumalizia."

"Mnatoka kazi moja, mji mmoja, mnakuja na magari mawili. Mafuta mnachota kisimani?"

"Mama, anakuja."

"Sahani nimetoa mbili. Akikosekana mmoja narudisha zote, na wewe utakula kwa Bi Gentry, ambaye habari zenu anazijua kuliko mimi."

Hata hivyo aliniruhusu kuingia, kwa sababu saa moja ilikuwa inakaribia na televisheni yake lazima mtu aishike waya wa antena. Nikasimama nyuma ya televisheni nimeinua mkono. Muziki wa kipindi ukaanza. Mama akavuta kiti mpaka magoti yakagusa kioo.

Kilikuwa kipande cha mwaka uliopita. Nilinyoosha shingo nikatuona kwa pembeni, mimi na kaka yangu, uzio katikati. Nilisema kitu, Burl akainamisha kichwa akacheka na kupiga mbao kwa kiganja.

"Tazama anavyokutazama," mama alisema. Alikuwa anatabasamu kama msichana. "Watu wanasema televisheni ni uongo. Mtu hawezi kumtazama hivyo asiyempenda."

Nilikuwa nimeushika ule waya na machozi yananitoka, nikashukuru kwamba macho yake yako kwenye kioo. Alichokuwa anakitazama Burl ni ufagio.

Ndipo pikapu ikasimama nje.

Mama hakugeuka. "Huyo ni ndugu yako. Nenda ukamfungulie, nami nitavumilia chenga za kioo."

Nilitoka. Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya mlima. Burl alikuwa amesimama barabarani, nje ya uzio wa mama, ule wa mbao nyeupe tulioujenga na baba. Mkononi alikuwa na ufagio wa Mzee Prater, na kofia yangu bado iko juu.

Hakunitazama. Aliuingiza ule ufagio juu ya uzio, akauchomeka kwenye udongo laini wa kitalu cha mama, upande wangu, akauweka sawa mpaka ukasimama. Kisha akaegemea mbao kama tunavyoegemea kazini.

"Estil," aliuambia ufagio. "Habari za safari?"

"Burl," nilisema.

"Sijakusemesha wewe. Naongea na ndugu yangu."

Nikarudi hatua moja, nyuma ya ufagio.

"Ndugu yangu," aliuambia tena, na sauti yake haikuwa ya utani, "kesho tunapamba kaburi la mke wangu. Mama anataka tuimbe wawili, na mimi mama simvunji moyo, tutaimba. Lakini si zile za kanisani. Tutaimba wimbo wangu, ule wa Ruthanne. Mwambie huyo aliyesimama nyuma yako, yeye ndiye atakayeanza. Ubeti wa kwanza aimbe peke yake mbele ya watu wote, wapo na wale wanne niliobeba nao jeneza. Halafu nitaingia."

Mlango wa wavu ulilia nyuma yangu. Mama alikuwa ametoka barazani, amekunja mikono, anatutazama tulivyokaa kwenye uzio, na uso wake umejaa furaha tupu.

"Akiuanza," Burl aliendelea taratibu, "nitampa mkono, na ya jeneza nitayazika palepale. Mtu anayeutoa wimbo wa mtu lazima aliusikiliza kwanza akaona haufai. Hilo naweza kulisamehe. Kwa hiyo muulize tu. Anaujua?"

"Semeni kwa sauti," mama aliita. "Nami nicheke."

Nilitazama ile kofia yangu juu ya ufagio. Nikakumbuka mkate wa nyama, na jua la siku ile nje ya studio, na muziki wa gitaa uliokuwa unapita kwenye ukuta wakati mimi natafuna. Sikujua hata neno moja la wimbo ule.

Kaka yangu aliinua macho kutoka kwenye ufagio, polepole, akaniangalia mimi. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu.

"Naujua," nilisema.